Mbingu ya Njano

5 Februari

Kwa Bi Rangi,

Shikamoo. Wewe hunijui, lakini mimi nakujua tangu nikiwa na meno ya utoto. Ni mhariri wa vitabu vya watoto katika kampuni ile ile uliyoifanyia kazi ujanani. Nakaa ghorofa ya pili, katika chumba ambacho wazee wa hapa wanasema ndicho kilikuwa chumba chenu cha wachoraji. Jina lako la karatasini nimelikuta, ila kila niliyemuuliza habari zako alisema, "Ah, Bi Rangi huyo!" kwa hiyo nisamehe nami nikikuita hivyo. Ningekupigia simu, lakini namba niliyopewa inapokelewa na fundi baiskeli ambaye sasa ameshaanza kunizoea.

Nakuandikia kuhusu Kofia ya Shangazi. Tangu uchore jalada lake, limebadilishwa mara mbili. Kwanza waliweka picha ya kamera ya mtoto aliyeshika kofia, anaonekana wazi kwamba amelazimishwa. Halafu wakaweka katuni ya kompyuta. Hadithi ni ile ile neno kwa neno, lakini kitabu kimedoda madukani. Wazazi wanakuja, wanakishika, wanakigeuza, wanauliza, "Ile ya zamani hamna? Ile ya msichana anayekimbiza kofia kilimani?" Wakiambiwa hakuna, wanaondoka. Mama mmoja alifungua mkoba akatoa nakala yake ya utotoni, haina kurasa za mwisho na imeshonwa kwa uzi wa kushonea viatu, akasema anamtafutia mwanawe nakala mpya kama hiyo. Nilimwomba niishike tu kidogo. Nilisahau kabisa kwamba niko kazini.

Kampuni imekubali jalada la zamani lirudi. Tatizo ni kwamba mchoro wenyewe ulioza stoo paa lilipovuja, na tulipoipiga picha nakala kuukuu tulipata kitu kama kimemwagiwa chai. Tunakuomba ulichore upya, kama lilivyokuwa. Na safari hii jina lako litakaa mbele, juu ya jalada, si kufichwa ndani kwa maandishi ya sisimizi. Kitabu kinaingia mtamboni mwezi wa saba.

Nasubiri jibu lako kwa hamu,
Mhariri, vitabu vya watoto


16 Februari

Mwanangu Mhariri,

Marahaba. Barua yako niliisoma mara ya kwanza kwa miwani, mara ya pili bila miwani maana nilikuwa nimeshaikariri. Umefanya vizuri kuandika. Simu siipendi, inamkatiza mtu kabla hajafika anakokwenda.

Hiyo katuni yenu nimeiona, mjukuu wangu aliletewa. Loo! Mtoto ana macho kama taa za lori, na miguu haina magoti. Nikamuuliza mjukuu, huyu atakimbizaje kofia bila magoti? Msichana wangu mimi ana magoti, na goti la kushoto lina kidonda, kwa sababu mtoto anayekimbia kilimani huanguka. Nilimchora nikamfuta, nikamchora nikamfuta, mpaka siku kisigino kilipoachana na ardhi nikajua, huyu sasa anakimbia. Katika chumba hicho unachokaa hakuna aliyekuwa na kisigino kama changu, na walikuwa wanaume watupu, mashati yamenyooshwa pasi na midomo mirefu. Naringa, ndiyo. Nisiporinga sasa nitaringa lini?

Kuhusu jina, hapo umenigusa. Siku moja nilimwambia mjukuu huyo kwamba picha ya kile kitabu cha mama yake niliichora mimi. Akakigeuza mbele, akakigeuza nyuma, akasema, "Bibi, mbona hujaandikwa?" Alidhani nampiga kamba. Iliniuma, na tangu siku hiyo sikulitaja tena. Sasa atasoma mwenyewe.

Nitachora. Kuna jambo moja katika jalada lile limenikera maisha yangu yote, nitalirekebisha humo humo. Usiniulize ni lipi, utaliona.

Bi Rangi


17 Februari

Kwako Fundi Wino, mzee usiyekubali kuzeeka,

Kaa chini kwanza. Umekaa? Kofia ya Shangazi inarudi! Jalada langu linarudi, na jina langu mbele yake! Nimeletewa barua na mhariri wao, binti mwenye adabu zake, anakaa chumba kile kile chetu. Mwambie wifi apige vigelegele huko nivisikie huku.

Sasa sikia kubwa zaidi. Unakumbuka Bwana Mkubwa alivyoingia akasema jalada ni rangi tatu basi, nyeusi, nyekundu na njano, buluu haipo na tusiulize? Nusu nzima ya jalada ni mbingu, kofia inapaa, halafu buluu haipo! Nililia kwenye chumba cha kuoshea brashi, na wewe ndiye uliyetoka kwenye mtambo wako wa kuchapa ukaja kunigongea mlango. Ukasema, "Dada, tutaipa njano, itachangamka." Ikawa njano. Wale wa mashati ya pasi wakaibatiza "mbingu ya homa". Mama yangu, Mungu amrehemu, alikitembeza kitabu kwa majirani wote siku kilipotoka, hakubakisha nyumba, lakini jioni aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mbona mbingu imeungua?" Amekufa akijua mwanawe alichora mbingu iliyoungua.

Basi, imekwisha hiyo. Nimenunua buluu, tena ile nzuri yenyewe. Safari hii mbingu itakuwa mbingu. Furahi nami, maana wewe peke yako ndiye unayejua nilivyoumia.

Dada yako,
Bi Rangi


1 Machi

Dada,

Hongera. Wifi yako amepiga vigelegele mpaka kuku wa jirani wakatawanyika. Umestahili, na wamekuchelewesha mno.

Hiyo habari ya buluu nimeisikia. Wewe ndiye mchoraji. Mimi nilikuwa mtu wa mtambo tu, na mikono yangu mpaka leo sabuni imeishindwa. Fanya unavyoona.

Mgongo unanisumbua kidogo, ndiyo maana naandika kwa ufupi.

Fundi Wino


22 Machi

Bi Rangi,

Shikamoo. Mchoro umefika salama, hata kona haikukunjika. Nilipoufungua, ghorofa nzima ilikuja kusimama nyuma ya kiti changu. Kisigino hicho! Goti hilo! Mwenzangu mmoja alisema tumfungulie mlango msichana, anakaribia kutoka nje ya karatasi. Na utepe wa kofia unavyojikunja, mtu anausikia upepo. Watu walipiga makofi kabisa, nami nikajivuna kana kwamba nimechora mimi.

Buluu pia tumeiona. Ni buluu nzuri sana. Kuna mazungumzo kidogo hapa ofisini kuhusu mambo ya rangi kwa jumla, si jambo la kukutia wasiwasi. Tumeuweka mchoro kwenye kioo cha duka letu la chini ili wapita njia wauone. Nitakuandikia.

Mhariri


30 Machi

Mwanangu Mhariri,

"Mazungumzo kidogo kuhusu mambo ya rangi kwa jumla." Ala! Nimefanya kazi kwenye jengo hilo kabla hujazaliwa, najua mtu wa humo anavyoandika akiwa ameficha kitu nyuma ya mgongo. Umesifu kisigino, umesifu goti, umesifu mpaka utepe. Mbingu, ambayo ni nusu ya jalada, umeipa sentensi moja kavu. Mimi si yai, sivunjiki. Sema.

Bi Rangi


7 Aprili

Bi Rangi,

Shikamoo, na unisamehe kwa kuzungukazunguka. Nilikuwa naogopa. Sasa nasema.

Hatuwezi kuichapa ya buluu. Nilidhani watu hawataona tofauti, au wataipenda zaidi. Mchoro umekaa kwenye kioo, watu wanasimama, wanatabasamu, halafu tabasamu linakwama njiani. Wanaingia ndani kuuliza, "Ya njano iko wapi?" Mwalimu mmoja mstaafu aliutazama kwa muda mrefu akasema, "Aliyeigiza kajitahidi, lakini aliyechora mwenyewe asingekosea mbingu." Nikamwambia, mzee wangu, huyu ni mwenyewe. Hakuniamini. Alinitazama kwa huruma, akidhani kuna mjanja kaniuzia.

Na mimi pia sikukuambia yote. Baada ya kupiga makofi na wenzangu nilikwenda kukaa ngazini peke yangu. Nilipokuwa darasa la kwanza tuliambiwa tuchore nyumbani kwetu. Nikachora nyumba, mama, ndoo, na mbingu ya njano. Mwalimu akaniuliza, nani kakwambia mbingu ni ya njano? Nikasema, "Kofia ya Shangazi." Darasa zima likaitikia, ndiyo, kweli, hata sisi tumeiona! Tulimbishia mwalimu mpaka akacheka akaniwekea vema. Kwetu sisi hiyo ndiyo rangi ya mchana ambao huna shule wala huna kutumwa dukani, umelala kifudifudi na kitabu na hakuna anayekuita. Sijui kuieleza zaidi ya hapo.

Nakuomba, Bi Rangi, turudishie njano.

Mhariri


14 Aprili

Mhariri,

Kwa hiyo mimi nimejiigiza mwenyewe. Nimeishi kuyasikia haya!

Hiyo njano mnayoililia haikuwa mbingu, ilikuwa shida. Tulinyimwa buluu, tukapaka kilichokuwepo, nyinyi mkakua mkidhani ni makusudi. Ni kama mtu aliyevaa viatu visivyofanana kwa kuwa hana vingine, halafu wajukuu zake wanaviweka kwenye kabati la kioo. Nilichekwa kwa ajili ya mbingu hiyo. Mama yangu mzazi aliionea huruma. Mimi niliyechora nasema ni kosa, nyinyi mliokuwa mnavuja kamasi mnaniambia si kosa?

Sikia neno langu la mwisho. Ama ya buluu yenye jina langu, ama mtafute mtu mwingine awachoree ya njano, na jina langu lisionekane hata kwa hadubini. Mjukuu wangu ataendelea kudhani nampiga kamba, na iwe hivyo. Jina langu siliweki juu ya kitu ninachokionea aibu, ng'o.

Mchoro wangu urudishwe.

Bi Rangi


4 Mei

Dada,

Barua yako ya hasira nimeipata, hata postamasta aliishika kwa ncha za vidole. Umemtukana mhariri, umemtukana mwalimu mstaafu, umemtukana Bwana Mkubwa ambaye yuko kaburini, na wale wa mashati ya pasi hukuwaacha. Halafu ukamaliza kwa kuniuliza kama mimi si shahidi wako kwamba njano ile ilikuwa takataka ya kujazia nafasi.

Hapana, dada. Si shahidi wako. Na mgongo haukuwa unaniuma.

Wewe ulimaliza kuchora ukaenda zako na macho mekundu. Mimi nikabaki na mtambo na kopo la njano. Njano ya koponi ilikuwa kali kama ndimu. Nikaijaribu kwenye karatasi moja, nikasema, hii siiweki kwenye kazi ya dada yangu. Kile kibirika cha wino cha mtambo wangu unakikumbuka, kirefu kama mfereji. Upande mmoja nikatia njano tupu. Upande wa pili nikatia njano niliyoichanganya na nyekundu, kidogo tu, ya kushika kwa ncha ya kisu. Nikalaza jalada ubavu, kichwa chake upande wa njano tupu. Rola zilipozunguka, zile rangi mbili zikatembea, zikakutana katikati zenyewe, zikapatana. Juu kwenye kofia mbingu ikawa nyepesi, chini kwenye kilima ikaiva kama kiini cha yai la kienyeji. Bwana Mkubwa akaja kunifokea kwamba nachezea mtambo. Nikamwambia mtambo una mafua, ndivyo unavyotoa leo.

Na kwa kuwa wino ulikuwa unatembea muda wote, hakuna nakala mbili zilizofanana. Ndiyo maana nyumba yenye watoto wawili na vitabu viwili ilikuwa na ugomvi, mbingu ya nani nzuri. Dada, nimesimama kwenye mtambo maisha yangu yote. Nimechapa kalenda, nimechapa risiti, nimechapa matangazo ya misiba. Kitu kimoja tu nilikifanya kwa kupenda mwenyewe bila kuagizwa na mtu. Karatasi ya kwanza ya mbingu ile iko ukutani sebuleni kwangu, ndani ya fremu. Mgeni akiniuliza nilikuwa nafanya kazi gani, simjibu kwa mdomo, namwonyesha. Wewe umekuja kwangu mara nyingi, umekunywa chai chini yake, na ulikuwa unamwangalia msichana wako tu.

Kisigino ni chako, sikigusi. Lakini mbingu ni yangu, na leo naisemea. Wewe unaionea aibu, mimi naionea fahari. Ukitaka kukasirika kasirika.

Kaka yako,
Fundi Wino


16 Mei

Wewe mzee,

Nimekaa na barua yako nisijue niijibu au niichane. Sikuichana. Nilikwenda kuazima kwa binti yangu kile kitabu chake, nikakiegemeza dirishani, nikaitazama mbingu. Nadhani ndiyo mara yangu ya kwanza kuitazama. Siku zote nilikuwa natazama pale ambapo buluu haipo. Inaiva kweli, kutoka juu kwenda chini, na huoni inapoanzia wala inapoishia. Ingekuwa kazi yangu ningeshawapigia watu kelele mpaka wahame mtaa.

Mbona hukusema? Miaka yote hii unanisikia naitukana kazi yako, tena nyumbani kwako, na wewe unanimiminia chai! Nimeona aibu, na mimi kuona aibu sipendi, kwa hiyo nimekukasirikia pia kama ulivyoniruhusu.

Nimejaribu kuipata. Nimechanganya njano na nyekundu, nimefuta, nimeanza upya. Kwa brashi haitoki. Inaacha michirizi, inakuwa kama ukuta wa zahanati. Ile si rangi ya brashi kabisa, ni rangi ya rola. Njoo. Leta rola yako ya mkono, najua hukuitupa, na wino ulete. Meza yangu ina kioo juu. Wewe utatandaza mbingu kwanza, ikikauka nitamchora msichana juu yake. Wifi aje naye, chumba kipo.

Na usije ukaniringia sana.

Dada yako


9 Juni

Mwanangu Mhariri,

Fungua kifurushi hiki ukiwa karibu na dirisha. Yale niliyokufokea yaweke pembeni, nilikuwa na hasira na hasira ilikuwa na safari yake.

Mbingu unayoiona hapo sikuitia mimi. Wala ile ya zamani. Aliyeitia ni Fundi Wino, aliyesimama kwenye mtambo wa chini wa jengo lenu kabla hamjaleta hayo makompyuta. Mimi niliondoka kazini nalia, yeye akabaki akachanganya njano mbili ndani ya mtambo mpaka zikakubaliana, na hakumwambia mtu. Kile ulichokilalia kifudifudi utotoni ni chake. Mimi nilikuwa naikataa kazi ya mtu mwingine nikidhani naikataa yangu.

Amekuja hapa na rola kaifunga kwenye foronya. Tumegombana toka sebuleni mpaka jikoni. Ameharibu karatasi mpaka mke wake, ambaye ni wifi yangu kwa hiari, akafunika masufuria yote akahamia kwa jirani. Nikamwambia ongeza nyekundu, akaniambia kashike brashi zako. Nikamwambia basi punguza, akaniambia nitoke nje ya nyumba yangu mwenyewe! Halafu kuna saa akanyamaza. Akapima kwa jicho, akaisukuma rola, akairudisha, akainyanyua. Akasema, "Usiiguse." Nilibana pumzi kama mtoto. Mwanangu, nimeshika rangi tangu usichana, na siku hiyo nilijivunia kumjua mtu yule kuliko ninavyojivunia kisigino changu, na unajua ninavyojivunia kisigino changu.

Sasa sharti. Kwenye jalada kutakuwa na majina mawili, ukubwa mmoja. Langu liandikwe kwa mchoro, lake liandikwe kwa mbingu. Majina yetu kamili nimeyaandika nyuma ya karatasi. Wakubwa wako wakilikataa lake, watoe na langu, na picha wairudishe. Najua nilivyolitaka jina langu hapo, ulisoma mwenyewe. Sharti ni hilo hilo.

Yeye hajui. Usimwambie, atakuja huko kuwaomba radhi.

Bi Rangi


21 Juni

Bi Rangi,

Shikamoo. Nimeufungua dirishani. Siwezi kuandika nilichokifanya, nitaonekana mtoto.

Sasa habari mbaya. Kikao kimekataa. Mkurugenzi alisema hajawahi kuona jina la fundi wa mtambo juu ya jalada, tukianza hivyo kesho dereva wa lori naye atadai lake. Nikasema sawa, basi nifunge picha niirudishe kwa wenyewe. Akasema picha hii haitoki humu. Nikasema basi na jina la fundi halitoki. Sijui nilipata wapi ujasiri huo.

Nikamgeukia meneja wa mauzo, ambaye ndiye aliyekuwa anapinga kuliko wote. Nikamuuliza, nyumbani kwenu mlikuwa na nakala ngapi za kitabu hiki? Akasema mbili, yake na ya dada yake. Nikamuuliza, ya nani ilikuwa na mbingu nzuri? Akajibu "Yangu!" haraka, kabla hajafikiri. Nikawaeleza kwa nini zilikuwa hazifanani, na ni mkono wa nani ulifanya hivyo. Akaanza kuzungushazungusha kalamu.

Wameahirisha mpaka Jumatatu. Nimewaambia nitakuja na sharti lile lile, na wakinichosha nitakuja na yule mwalimu mstaafu.

Mhariri


28 Julai

Dada,

Kitabu kimefika leo asubuhi. Bahasha ilikuwa na jina langu, nikajua ni wewe umeagiza niletewe.

Nilianza na mbingu. Mitambo yao mipya imejitahidi, haijafikia ile niliyotandaza mezani kwako, lakini nimeipitisha. Chini kwenye kilima imeiva vizuri. Halafu nikaona maandishi. Jina lako hilo hapo, limenyooka, kila mtu analiona. Nikasema safi, sasa mjukuu wako atakoma. Chini yake kulikuwa na mstari mwingine, nikadhani ni anwani ya kampuni. Nikaanza kuusoma, nikaishia neno la kwanza. Nikampa mke wangu, maana miwani ilikuwa imeingia maji. Akasoma kwa sauti, "Mbingu," halafu akasoma majina yangu, yote matatu, na la marehemu baba yangu limo, na la babu yangu limo.

Nilikaa chini. Yeye akaniletea maji ya kunywa na akasimama na mkono begani kwangu.

Umekula njama na yule binti nyuma ya mgongo wangu, na hilo tutasutana siku ya kusutana. Leo sina nafasi. Nimetoa kiti nje, nimekaa mlangoni na kitabu mapajani, na hapiti mtu bure. Muuza maziwa nimemsomesha. Wachukua taka nimewasomesha, gari lao likaziba njia, watu wakapiga honi, nikawasomesha na wa honi. Jirani wa ng'ambo, ambaye hatujasemeshana tangu ugomvi wa ukuta, nilimwita mwenyewe kwa mkono. Akavuka. Akakishika, akasoma polepole, akaangalia mbingu, akaniangalia mimi.

Akasema, "Watoto wangu wote wamelelewa na kitabu hiki. Kumbe mbingu ni yako?"

Nikamwambia, "Ni yangu. Kaa."

Kaka yako,
Fundi Wino